Mafuta wanayo, mbona hesabu inawashinda?



Ndugu zangu katika imani, kuna mtihani wa kimataifa unaitwa PISA, hufanywa na vijana wa miaka 15. Mwaka 2022, katika hesabu, Singapore walipata alama 575. Vietnam 469. Saudia, pamoja na mafuta yote yale, 389.

Basi msiniambie ni umasikini, maana Vietnam si tajiri mbele ya Saudia. Na asitokee mtu akasema ni Uislamu! Neno aljebra lenyewe limetoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi, Muislamu wa Baghdad.

Sababu ni nyingi, lakini mimi naiona hii kubwa: PISA haimuulizi mtoto amehifadhi nini. Humpa jambo geni, jedwali au bei za vitu, kisha humtaka atumie anachokijua. Aliyezoea kunakili ubaoni na kurudisha vilevile hapo hukwama.

Nasema haya na mimi nikiwemo. Mtoto mmoja chuoni kwangu aliniuliza, "Ustadhi, aya hii maana yake nini?" Nikamjibu, "Wewe hifadhi kwanza." Hakuniuliza tena mpaka anahitimu. Kuhifadhi ni ibada, wallahi, lakini Allah ametutaka pia tuizingatie Qur'ani.

Wewe mzazi, leo mtoto akirudi, usiishie kumuuliza kapata ngapi. Mwambie akueleze alichosoma kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa usimgombeze. Nenda kesho ukazungumze na mwalimu wake, kwa adabu.

Wallahu a'lam.