Pesa ya simu: nani anaweka makuta kwa mdogo, wakati mkubwa ndiye mwenye barabara?

Mwezi wa tisa 2021, kampuni za nje kama Stripe, Founders Fund, Sequoia Heritage na Ribbit Capital zilikubali kuweka dola milioni 200 katika Wave, kampuni yenye ilianza kazi yake ya pesa ya simu huko Dakar, Senegal. Wave haina antena hata moja. Haiuzi sim. Kitu iko nacho ni programu ya telefone ya kutumiana pesa, pamoja na karata yenye alama ya kupiga picha kwa wale hawana telefone kubwa. Mbele yake alisimama Orange, mwenye antena, mwenye sim, mwenye uniti, na mwenye Orange Money. Hata hivyo wale wawekezaji walihesabu kwamba Wave nzima inafikia dola bilioni 1,7.

Mtu anaweza kuuliza: wameona nini?

Waliona bei. Wave ilikata asilimia 1 tu kwa kutuma, na kuweka ao kutoa pesa kukawa bure. Ukituma dola 100, inaenda dola 1, basi. Kampuni yenyewe ilisema hiyo ni asilimia 70 chini ya bei za kampuni za simu. Waliona pia shida ya yule mkubwa. Orange ilikuwa inakula kila siku kwenye bei ya juu. Akishusha bei amfukuze mdogo, anajikata mwenyewe, sababu wateja wote wa zamani nao watalipa kidogo. Akiacha bei yake pale, wateja wanakimbia. Mdogo hana cha kupoteza hapo, iko anakula makuta ya wawekezaji. Na tuseme kweli: bure ya mteja si bure ya kampuni. Mwenye kabine anataka faida yake kila mwisho wa mwezi, na Wave ndiyo inamulipa.

Mambo yalienda vile. Orange ilishusha bei zake sana katika 2021. Lakini haikulala. Mwaka ule ule Wave ililalamika kwamba Orange inazuia wateja wanunue uniti zake kupitia programu ya Wave, na mashindano yakafika mbele ya ARTP, wasimamizi wa simu wa Senegal. Ndiyo ile hatari yenye kila mtu anayeweka feza katika kampuni ndogo anapaswa kupima mbele ya yote: je, mkubwa iko tu mshindani, ao ni yeye pia mwenye barabara unapitia? Wave iliponea fasi moja muhimu. Programu yake inapita kwenye intaneti, si kwenye kode za kampuni ya simu. Mtu wa Orange, mtu wa Free, wote waliitumia bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa wale waliotoa dola milioni 200, wamekula faida? Ile bilioni 1,7 ilikuwa bei walikubaliana wao kwa wao, haikutoka sokoni fasi kila mtu ananunua hisa na kuuza. Mwaka wa 2022 Wave iliachisha kazi watu karibu 300, asilimia 15 hivi ya wafanyakazi wake. Mwaka ule ule ilipata kibali chake cha benki kuu ya Afrika ya Magharibi, BCEAO, mbele ya hapo ilikuwa inategemea kibali cha benki nyingine. Makuta makubwa yaliyotangazwa nyuma yake yalikuwa deni: euro milioni 90 mwaka 2022 pamoja na IFC, na dola milioni 137 mwaka 2025 zikiongozwa na Rand Merchant Bank ya Afrika ya Kusini. Deni linapaswa kurudishwa na riba, kampuni ishinde ao isishinde. Kwa upande mwingine, wenye benki hawapendi kukopesha mtu asiye na mapato.

Mwenye faida ya haraka ni mteja wa Dakar, hata yule hajawahi kufungua Wave. Yeye alibaki Orange na bei ikashuka.

Kwetu M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko chini ya kampuni za simu zenyewe. Wengi wanapiga kode kwenye telefone ndogo, maana yake kila muamala unapita kwa mwenye antena. Tangu benki za Goma zilifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mama anayetumia watoto pesa Butembo ao Kisangani hana njia nyingi, na kwenye kabine mara nyingine wanakata juu zaidi ya bei iliyoandikwa, sababu noti hazionekani.

Vijana wa Bukavu na Goma wanaojua kuandika programu wako. Bei ya chini wanaweza kuiweka hata kesho. Lakini mtu wa kuwapa makuta atauliza kwanza kama Banque Centrale itawapa kibali, na kama ARPTC italazimisha kampuni za simu kuwafungulia kode kwa bei sawa na zile wanajipa zenyewe. Kama jibu la swali la pili ni hapana, inabaki kungoja telefone kubwa na intaneti zifike kwa mama wa Kadutu na Masisi.