Kina mama, bawasiri si siri ya kuzikwa nayo

"Dadangu, haya ninayokuambia hata baba watoto hayajui." Ndivyo alivyoanza jirani yangu mmoja jioni moja, tukichambua sukuma wiki nje ya nyumba. Ni mama wa watoto wanne, na kutwa husimama kwenye kibanda chake cha mboga. Tangu alipojifungua mtoto wa tatu amekuwa na bawasiri. Akienda haja kubwa, kinyama hujitokeza, na mara nyingine huona matone ya damu. Amepaka malai kwa miaka. Hupoa, kisha hurudi.

Kilichonishtua ni yale aliyoongeza kwa kunong'ona. Ana uzito chini ya kitovu unaozidi jioni na siku za hedhi zinapokaribia. Baada ya kukutana na mumewe, maumivu hudumu kwa saa nyingi. Akijilaza hupata nafuu. "Baba watoto hudhani ninamkwepa," alisema.

Miaka yote hiyo aliyatibu kama maradhi mawili: malai kwa hili, vidonge vya maumivu kwa lile. Hakuna mhudumu aliyeyaweka pamoja, kwa sababu hakuna aliyeambiwa yote.

Msomaji mpendwa, bawasiri ni uvimbe wa vifuko vyenye mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa. Aghalabu huletwa na choo kigumu na kujikamua kwa nguvu. Lakini baadhi ya mishipa hiyo humwaga damu yake katika mishipa mikubwa ya nyonga, ambayo pia hupokea damu kutoka mji wa mimba.

Mishipa inayorudisha damu moyoni huwa na vali, yaani vijilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Wakati wa ujauzito, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, homoni hulegeza kuta za mishipa, na mtoto huigandamiza. Vali zikishindwa kufunga, damu hurudi chini na kutuama. Ndipo mama huhisi uzito nyongani. Wengine huota mishipa iliyovimba mapajani, matakoni au hata sehemu za siri. Kwa baadhi yao, damu hiyo huchangia bawasiri pia.

Mwaka 2015, madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la Phlebology kuhusu wanawake waliokuwa na mishipa iliyovimba miguuni kwa sababu ya hitilafu ya mishipa ya nyonga. Takribani theluthi moja walikuwa na bawasiri iliyohusiana na hitilafu hiyo. Hii haina maana kwamba kila mwenye bawasiri ana tatizo la nyonga. Maana yake ni kwamba mwenye dalili zote mbili azitaje zote mbili.

Hata kipimo kina mtego wake. Mgonjwa akipigwa picha ya ultrasaundi akiwa amelala, mishipa huweza kunywea na kuonekana mizima. Kwa hivyo mweleze daktari kwamba maumivu huzidi ukisimama. Tatizo likithibitishwa, kuna dawa. Isitoshe, katika hospitali kubwa wataalamu huweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuuziba ule ulioharibika, bila kupasua tumbo.

Nyumbani nako kuna ya kufanya. Kunywa maji ya kutosha. Kula mboga, matunda, maharagwe na unga usiokobolewa. Usikae chooni ukisoma gazeti, hata hili letu! Kukalia beseni la maji ya vuguvugu hupunguza maumivu. Mama mjamzito ambaye vidonge vya kuongeza damu humfunga choo asivitupe. Amwambie muuguzi wa kliniki amsaidie.

Onyo moja, na ulishike sana: usikate shauri mwenyewe kwamba damu chooni ni bawasiri tu. Damu iliyochanganyika na choo, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo yanayodumu kwa majuma kadhaa huweza kuwa dalili za saratani ya utumbo mpana. Nenda ukapimwe mapema.

Jirani yangu alikwenda hospitali hatimaye. Kabla ya kwenda alimweleza mumewe kila kitu, na bwana huyo akafunga duka lake siku nzima ili amsindikize. Picha ilionyesha mishipa ya nyonga imevimba, na matibabu yameanza. Aliporudi aliniambia kwamba jambo lililompa ahueni ya kwanza halikuwa dawa. Ni kumsikia mumewe akisema, "Kumbe ulikuwa unaumwa."

Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.