Heshima ya Mpokea Wasafiri

Mji wetu wa Kindu umejengwa kandokando ya mto Lualaba, na reli nayo yafika hapa. Walakini aendaye Kinshasa kwa haraka hana budi kupanda ndege. Kwa hiyo, yule anayepokea wasafiri kiwanjani astahili kukumbukwa siku anapostaafu.

Kampuni ya Air Congo ilianzishwa mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, ikafilisika mwaka 1995. Majina hupita, bali kazi ya mpokea wasafiri ni ile ile: kupima mizigo bila upendeleo, kumsomea tikiti asiyejua kusoma, kumtuliza mama mwenye mgonjwa ndege inapochelewa. Hutukanwa kwa mvua asiyoinyesha yeye, naye hujibu kwa upole.

Basi, enyi vijana, jifunzeni subira kwa mtu huyo. Nanyi wakubwa wa kazi, fahamuni kwamba hotuba na shada la maua havimlishi mzee. Malipo yake ya uzeeni yamfikie mkononi, kamili na kwa wakati. Aliyewasaidia wengi kufika waendako asiachwe njiani.