Fizikia Si Anasa kwa Watu wa Ndungu

Mwandishi aliyedai gazetini kuwa utafiti wa chembe ndogo kabisa na wa mwanzo wa ulimwengu ni anasa isiyomhusu mkulima wa mpunga wa Ndungu, huko Upare, namjibu kwa adabu lakini bila ya kusitasita: wazee wa Upare waliojenga ndiva, yaani mabwawa, wakayakinga maji ya mlimani usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu, walikuwa watu wa hesabu na tafakuri. Kwa hoja gani, basi, wajukuu wao wanyimwe ilimu ya fizikia, ilhali Kigali, tangu 2018, ipo taasisi inayowasomesha Waafrika nadharia zizo hizo? Na wavuti, anaoutegemea kila msomi leo, ulibuniwa mwaka 1989 huko CERN, maabara ya chembe anazozidharau mwandishi huyo.