Mwenye Jembe Aulizwe Kwanza

Kazi ya taifa hufanywa kwa zana. Jembe la Mluguru na ngarawa ya mvuvi wa Pemba bado ni zana za heshima, lakini siku hizi imeongezeka kompyuta, ambayo kwayo vijana wetu huandika programu za kukusanya ushuru, kuhesabu dawa za zahanati na kutangaza zabuni za Serikali. Baadhi ya vijana hao wamesomea hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine na kile cha Mzumbe.

Yafaa msomaji afahamu kwamba programu huandikwa ndani ya programu nyingine iliyo kubwa zaidi. Hiyo ndiyo karakana ya fundi: humo mna meza yake, nyundo yake na tupa yake. Fundi aliyeizoea haitafuti nyundo. Mkono huifuata wenyewe. Basi aghalabu hutokea kwamba wenye kiwanda, walio mbali sana nasi, huamua kuipanga karakana hiyo upya. Fundi hufungua mlango asubuhi akakuta meza imehamishwa, nyundo imefichwa kabatini na milango imepakwa rangi moja. Huambiwa kuwa hayo ni maendeleo.

Mifano iko wazi. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Visual Basic 6, ambayo kwayo hata karani mwenye elimu ya wastani aliweza kuiundia ofisi yake programu ndogo. Mwaka 2002 kampuni ikaleta karakana mpya, na programu nyingi za zamani hazikuweza kuhamia humo bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa. Mwaka 2005 wataalamu wengi walitia sahihi ombi la kutaka ile ya zamani iendelezwe. Hawakukubaliwa, na mwezi Aprili 2008 huduma kwa karakana hiyo ikakoma. Tena mwaka 2012, katika Visual Studio ya mwaka huo, alama za vitufe ziliondolewa rangi na majina ya menyu yakaandikwa kwa herufi kubwa tupu. Malalamiko yalipozidi, baadhi ya rangi zilirudishwa kabla ya toleo kamili kutoka, lakini herufi zile kubwa zikabaki.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya rangi na herufi, tena ni ya wageni. Hatukubaliani nao. Fundi anayepoteza saa moja kila siku kutafuta kitufe alichokijua jana, anapoteza saa ya umma. Na anayelazimika kupakua karakana mpya kwa kifurushi cha intaneti alichokinunua kwa fedha zake, anatozwa kwa uamuzi ambao hakushirikishwa.

Watu wa Uluguru wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwaletea mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia iliyotajwa haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli na mto Ruvu ukichafuka. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko mikali ni mwembamba. Tuta lilipochimbwa, rutuba ilifukiwa na udongo usio na nguvu ukaja juu, mahindi yakadhoofu. Mkulima aliyelijua shamba lake tangu utotoni hakuulizwa. Mwezi Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakatumia bunduki na damu ikamwagika. Ulazima wa matuta ukaachwa.

Ajabu ni kwamba nusu karne baadaye, huko huko milimani, wakulima wa Kibungo walichimba matuta kwa hiari. Mashirika ya CARE na WWF yalikaa nao na kuwafundisha, na watumiaji wa maji ya Ruvu, likiwamo shirika la maji la Dar es Salaam, wakachangia malipo ya jasho lao. Milima ni ile ile na jembe ni lile lile. Tofauti ilikuwa katika mashauriano.

Tunayasema haya kwa sababu nasi tumekuwa waundaji. Mwaka 2023 mfumo wa NeST, uliojengwa na wataalamu wetu, ulichukua nafasi ya TANePS katika ununuzi wa umma. Ni jambo la fahari. Hata hivyo, mfumo kujengwa nyumbani hakutoshi kuwa ruhusa ya kutowauliza watakaoutumia. Mtendaji wa kata ya mlimani Mgeta na karani wa Micheweni wana haki ile ile waliyonyimwa wazee wa Matombo.

Hatupingi mabadiliko. Zana kuukuu huingiza wezi, na programu isiyorekebishwa ni nyumba isiyo na kitasa. Lakini tunawashauri viongozi wa Serikali zote mbili, na Mamlaka za Serikali Mtandao za Bara na Visiwani, wazingatie mambo manne. Kwanza, mfumo mpya ujaribiwe na watumiaji wenyewe, katika kata moja ya mlimani na shehia moja ya kisiwani, kabla ya kuenezwa nchi nzima. Pili, pale usalama unaporuhusu, mfumo wa zamani uachwe ufanye kazi sambamba kwa muda uliotangazwa. Tatu, mwongozo uandikwe kwa Kiswahili fasaha, nao ufike kabla ya mfumo. Nne, mafundi wetu wahimizwe kutumia karakana ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ili kampuni ya ng'ambo isiweze kuwafungia mlango.

Ndugu zetu wa Visiwani wanajua kwamba nahodha hahamishi usukani wa jahazi katikati ya mkondo pasipo kuwaambia mabaharia. Ofisa atakayetia sahihi mfumo ujao na ajiulize swali moja kabla kalamu haijagusa karatasi: ni nani kati ya watakaoutumia kila siku aliyeulizwa, naye alijibu nini?