Wanaowanasa wafisadi nao wachunguzwe

Mwuza sukuma wiki wa Makongeni, Thika, hunyunyizia mboga zake maji kila mara pikipiki zinapotimua vumbi. Yeye hahitaji kuelezwa ufisadi ni nini. Februari 2025 mahakama ilimhukumu aliyekuwa Gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, katika kesi ya zabuni ya Sh588 milioni ya kutia lami barabara, zikiwemo za Thika na Ruiru. Alikata rufaa. Kesi hiyo ilitokana na uchunguzi wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), na tunawapongeza wapelelezi wake.

Lakini mpelelezi anayeweza kumfikisha gavana kizimbani anaweza pia kulilaza faili kabatini. Akipokea bahasha ili amwache afisa wa ardhi wa Ruiru, nani atamkamata?

Kifungu cha 251 cha Katiba kinamruhusu Mkenya yeyote kuwasilisha ombi Bungeni la kumwondoa kamishna. Hata hivyo, safari hiyo imekuwa ikiishia njiani. Mwenyekiti wa EACC, Mumo Matemu, aling'atuka 2015 baada ya jopo la kumchunguza kuundwa. Mwaka uliofuata mrithi wake, Philip Kinisu, akajiuzulu kufuatia biashara ya kampuni ya familia yake na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Alikana makosa, na hakuna jopo lililomsafisha wala kumtia hatiani.

Hao ni wakubwa. Mpelelezi wa kawaida hata haguswi na kifungu hicho. Kesi yake ya nidhamu husikizwa na wakubwa wake, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda EACC na pia ile ya IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza makosa ya polisi. Leo polisi akimpiga mtu risasi mtaani Kiandutu, Thika, familia ina pa kwenda nje ya kituo cha polisi. Kwa nini anayedaiwa hongo na afisa wa EACC akose mlango kama huo?

Bunge liunde kitengo huru cha kuchunguza maafisa hawa, na atakayejiuzulu asiondoke na faili lake. EACC nayo itangaze kila mwaka maafisa wake wangapi walilalamikiwa, wangapi walifutwa kazi na wangapi walishtakiwa. Malalamiko yapokelewe katika kituo cha Huduma mjini Thika, na mlalamishi aondoke na nambari ya kufuatilia kesi yake.