Idd Hii Tupeane na Vitabu

Idd ikikaribia, nyumba zetu za pwani hupelekeana halua, leso na udi. Hiyo ni desturi njema, wala siipingi. Ninachouliza ni hiki: mbona kitabu hakimo katika sinia? Riwaya tumemwachia mwanafunzi wa mtihani, naye akishafaulu huitupa kabatini.

Shauri langu ni kwamba kitabu kifuatane na kitu kidogo cha kumkalisha mtu kitako.

Mjomba aliyefanya kazi bandarini mpe "Kuli" ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, pamoja na kahawa na tangawizi ya kusaga. Humo atawakuta makuli wa Unguja wakidai haki yao. Kijana mpe "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na kifuko cha tende. Ni kisa cha Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake.

Mimi Idd iliyopita nilimpa shangazi "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed, pamoja na kikuba cha asumini. Alicheka, akasema macho yamechoka. Siku ya tatu nilimkuta mjukuu akimsomea habari za Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake, na majirani wawili wamekaa jamvini wakibishana ni nani mwenye kosa.

Asumini ilikuwa imekwisha nyauka. Mazungumzo hayajesha hadi leo. Basi, ndugu msomaji, mwaka huu tutie na kitabu siniani.